Halifunguki

Siku kampuni ilipoibiwa kila ilichokuwa nacho, wafanyakazi walikula keki.

Usicheke. Walikuwa na sababu zao, na kwa akili za wakati ule zilikuwa sababu nzuri. Kampuni yenyewe ilikuwa ghorofa moja tu juu ya duka la matairi: watu kumi na wanne, feni tatu, na chumba kimoja cha baridi cha mitambo ambacho kila mtu alikitafutia kisingizio cha kuingia nyakati za joto. Kazi yao ilikuwa kutunza siri za watu. Hospitali zilileta mafaili ya wagonjwa, mawakili walileta wosia, na tume moja ya uchunguzi ilileta ushahidi wa watu waliokubali kusema kwa sharti kwamba majina yao yasijulikane. Kampuni iliyachukua maandishi hayo ikayasimba, yaani ikayageuza kuwa msururu wa herufi na namba usio na kichwa wala miguu, na ufunguo wa kuyarudisha ukabaki kwa wenyewe.

Mwizi alipoingia kwenye mitambo yao, miaka tisa iliyopita, alinakili yote. Hakuacha faili hata moja. Lakini alichoondoka nacho kilikuwa msururu ule ule usio na kichwa wala miguu. Mkurugenzi akawakusanya wote, akasema, "Mwizi kabeba sefu, funguo hana. Atakaa na sefu lake mpaka wajukuu wake wazeeke." Watu wakapiga makofi. Magazeti yaliandika habari za wizi, wateja wakatulizwa, keki ikaletwa, na aliyepewa kisu akate kipande cha kwanza alikuwa mwanamke aliyelitengeneza kufuli.

Kazini walimwita Bi Kufuli. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, mwenye sauti ndogo, na tabia ya kulifikiria swali jepesi kana kwamba ni gumu. Mchumba mmoja aliwahi kumwuliza kama anampenda. Akasubiri jibu, akachoka, akaondoka zake.

Kufuli lake halikuwa la chuma. Lilikuwa hesabu. Chukua namba mbili ndefu, kila moja ya tarakimu mamia, uzizidishe. Kompyuta itamaliza kabla hujapepesa macho. Sasa mpe mtu lile jibu peke yake, mwambie atafute namba mbili zilizolizaa. Kompyuta zote duniani zikishikana mikono zingechakaa zote na kazi ikawa haijafika popote. Huo ndio ulinzi wenyewe, hamna kingine. Watu hudhani nyuma ya siri zao kuna askari na ukuta. Kuna swali la hesabu tu, ambalo mpaka hapo hakuna aliyekuwa ameweza kulijibu.

Kampuni ilipoanza, yeye ndiye aliyeandika karatasi ya kuwapa wateja. Sentensi ya kwanza ilisema: "Kufuli hili halifunguki kwa hesabu za leo." Mkuu wa masoko, ambaye wenzake walimwita Ulimi kwa kuwa ndio uliokuwa ukimlisha, aliisoma akakunja uso.

"Hii 'kwa hesabu za leo' ni ya nini?"

"Ndiyo ukweli. Kesho anaweza kuzuka mtu na hesabu nyingine."

"Dada yangu, mteja akisoma 'leo', swali lake la kwanza ni 'na kesho?' Utamjibu wewe?"

Alifikiri. Ulimi akachukua kalamu nyekundu akayakata maneno manne, ikabaki "Kufuli hili halifunguki." Nukta. Bi Kufuli aliitazama ile sentensi, akaona imekaa vizuri, akanyamaza. Ni ukimya huo tu mtu anaweza kumlaumu nao, maana mengine yote yaliyofuata yalimzidi kimo. Lakini kwa ukimya huo alaumiwe, na yeye mwenyewe hakuwahi kubisha.

Habari ilifika Jumatatu asubuhi, watu hata hawajanywa chai. Wataalamu wa nchi fulani ya mbali walikuwa wametangaza kwamba kompyuta yao ya kwanta, inayohesabu kwa sheria za chembe ndogo kabisa, imefungua kufuli la aina ile ile. Lilikuwa dogo kuliko la kampuni, lakini la ukoo mmoja. Kompyuta hizo zilikuwa zikisemwa miaka na mikaka, na kila mwaka ilisemwa bado ishirini, mpaka ofisini pale ikawa ni utani: ukimdai mtu majibu ya barua pepe, anakujibu, "Subiri kwanta." Siku hiyo hakuna aliyetania.

Bi Kufuli hakushangaa, na hilo ndilo lililomuumiza. Njia ya kulivunja kufuli lake ilikuwa imeshaandikwa zamani, kabla hata kampuni haijazaliwa. Aliisoma akiwa bado mwalimu, akaisifu kwa uzuri wake. Kilichokosekana kilikuwa mashine tu ya kuifanyia kazi. Alijenga nyumba akijua mahali ufa utakapopita, akajiambia ardhi haitatikisika akiwa hai.

Simu zililia tangu saa mbili. Mkurugenzi aliwaita kwenye meza ndefu, tai imelegea, kijasho chembamba kikimtoka huku feni zote tatu zinazunguka.

"Tunabadilisha makufuli yote," alisema. "Kuna makufuli mapya, ya hesabu nyingine ambazo mashine hiyo haiziwezi. Bi Kufuli, miezi mingapi?"

"Sita, tukijitahidi sana."

"Fanya minne."

"Na zilizoibwa?"

"Zipi?"

"Za miaka tisa iliyopita. Zile tulizozilia keki."

Kila mtu pale alikuwa fundi, kila mtu alilijua jibu. Kufuli jipya unaliweka kwenye mlango ulio nao. Huwezi kumfuata mwizi kwake ukamwomba akubadilishie kwenye sefu alilokuibia. Alichokichukua kina kufuli la zamani, na kitakuwa nalo mpaka siku mashine itakapotosha kulifungua.

Mkurugenzi akapangusa shingo. "Hizo si zetu tena," alisema, akafungua ukurasa mwingine.

Wiki mbili baadaye Ulimi alikuwa ameshahamia kampuni ya bima. Hospitali mbili zikaondoka, kisha mawakili, mmoja mmoja, kwa barua za heshima zilizoandikwa kama za msiba. Waliobaki walifanya kazi kama watu wanaochota maji ndani ya chombo kinachozama, wakijua na huku wakiendelea. Ilipofika zamu ya karatasi mpya ya wateja, Bi Kufuli aliandika kwamba kufuli jipya halifunguki kwa ujuzi wa sasa. Karatasi ikarudi kwake maneno hayo yamekatwa. Safari hii hakunyamaza. Alipanda kwa Mkurugenzi, akasema, akapandisha sauti yake ndogo mpaka ikamkauka.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho. "Una haki," alisema. "Sasa niambie, unataka tufunge mwezi huu au mwezi ujao?"

Akarudi mezani kwake. Kumi na wanne walikuwa wamebaki tisa, na wote tisa walikuwa na watu wanaowategemea. Karatasi ikachapishwa ilivyo.

Lakini si kampuni iliyomnyima usingizi. Kampuni zinakufa na watu wanatafuta kazi nyingine. Ndani ya vile vilivyoibwa mlikuwa na mafaili ya ile tume, na ndani ya mafaili hayo mlikuwa na kurasa sita za mtu aliyeandikwa Shahidi Namba Saba, jina lake kamili likiwa ukurasa wa kwanza pamoja na saini. Namba Saba alikuwa mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja.

Miaka kumi na minne iliyopita mdogo wake alikuwa karani wa bohari ya dawa. Mkuu wa bohari alimpenda kwa mwandiko wake na utulivu wake, akamkaribisha nyumbani, na huko ndiko kijana alikompata mke: binti wa mkuu. Karani akawa mkwe. Walikuwa wakila pamoja kila mwisho wa juma, mzee akimkatia nyama kwa mkono wake.

Jambo aliligundua kwa lebo. Lebo za kiwandani, kwa haraka ya mashine, zilikuwa zimepinda kidogo upande wa kushoto, zote. Siku moja akapokea katoni za dawa ya watoto zenye lebo zilizonyooka kama zimepigwa rula. Akajiuliza ni kiwanda gani hicho kimepata muda wa kunyoosha. Akaikwangua moja kwa ukucha, akakuta chini yake lebo ya zamani, iliyopinda, yenye tarehe iliyokwisha kupita. Akatafuta saini ya aliyezipokea na kuzitoa. Ilikuwa ya mkwewe. Kabla hajajua afanye nini, watoto kumi na mmoja walikuwa wamekufa katika zahanati mbili, na tume ikaundwa.

Alikwenda jikoni kwa dada yake, akakaa na viatu vyake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nikisema, nimepoteza mke," alimwambia. "Nisiposema, zile katoni nyingine bado ziko kwenye rafu."

Dada yake akampa ile karatasi ya wateja, maana tume ilikuwa imeipa kampuni yao kazi ya kuhifadhi ushahidi. Mdogo wake alikuwa mtu wa kusoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya kiberiti. Aliisoma mara tatu.

"Halifunguki," alisoma kwa sauti. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akaenda akasema. Katoni zilizobaki zikaondolewa, baba mkwe akafungwa, na mwaka wa tatu wa kifungo figo zikamwua gerezani. Ukiniuliza kama karani alikosea, nitakujibu hapana, na nitakujibu hivyo hivyo hata mara kumi. Lakini jibu hilo halikumsaidia siku moja nyumbani kwake.

Maana mkewe hakuwahi kukubali kwamba baba yake alifanya lile jambo. Kwake yeye baba alisingiziwa. Mzee mwenyewe, siku ya mwisho alipotembelewa gerezani, alimwambia kitu kimoja: "Aliyenisema ni mtu aliyekula kwangu." Binti akayachukua maneno hayo akayaweka moyoni. Akahesabu wote waliowahi kula pale nyumbani, akaishia kwa dereva wa bohari. Alimsema hadharani, sokoni, kwenye harusi za watu, mpaka dereva yule akaacha kusalimiwa mtaani, na mwisho akahama na familia yake. Mume aliyaona yote hayo, akakaa kimya. Bohari ilipofungwa alijifunza kazi ya miwani, na mpaka leo ni fundi miwani.

Bi Kufuli alimfuata karakanani kwake Jumatano, saa tano asubuhi. Kilikuwa chumba chembamba pembeni mwa kliniki ya macho, na jiwe la kusagia lenzi dirishani, na visahani vya skrubu ndogo ambazo ukipiga chafya umezipoteza zote. Ukutani palikuwa na ubao wa herufi zinazopungua. Mdogo wake alikuwa ameishika lenzi kwenye mwanga.

"Dada! Leo hamna kazi?"

"Nimeomba ruhusa. Funga mlango kidogo."

Akamweleza. Hakuzunguka, maana hakujua kuzunguka. Alimweleza wizi ule, na namba mbili zilizozidishwa, na mashine isiyobahatisha namba moja moja bali inaudaka mdundo wao unavyojirudia, kama wewe unavyojua ngoma inarudi wapi bila kuhesabu mapigo. Fundi miwani alisikiliza huku anafuta lenzi ile ile.

"Kwa hiyo wameshayafungua?"

"Bado. Mashine iliyopo ni ndogo. Ya kutosha kufungua letu haijakamilika."

"Itakamilika lini?"

"Sijui. Wapo wanaosema miaka miwili, wapo wanaosema kumi. Zamani wote walisema ishirini."

"Na walioiba, hawawezi kuombwa wayafute? Kulipwa hata?"

"Hatuwajui. Na pengine wameshampa mtu nakala, na yeye kampa mwingine."

"Lakini uliniambia, dada."

"Nilikuambia."

"Hapana, sikulaumu. Nataka nielewe tu. Ile karatasi niliisoma mara tatu. Iliandikwa halifunguki."

Hapo angeweza kunyamaza tena, na asingejua mtu. Akamwambia maneno manne yaliyokatwa. Akamwambia kalamu ilikuwa nyekundu, na kwamba yeye alikuwa amekaa pale pale mezani.

Mdogo wake akaiweka lenzi chini taratibu.

"Ingeandikwa 'za leo'," alisema, "mimi ningekuuliza kesho."

"Najua."

"Na ungenijibu nini?"

Alifikiri, kama kawaida yake, na mdogo wake alimsubiri, kama kawaida yake. "Ningekuambia sijui."

"Basi nisingesema." Akazungusha skrubu moja kwa ncha ya kidole. "Au ningesema. Wale watoto kumi na mmoja, dada. Wa mwisho alikuwa na miezi saba." Akatikisa kichwa. "Hata hilo sasa sitalijua. Hata kama mimi ni mtu wa kusema au si mtu wa kusema."

Bi Kufuli alilia. Hakuwa mtu wa kulia, na alilia vibaya, kwa kelele, kama mtu anayekwamwa na kitu kooni. Mdogo wake akampa kitambaa cha kufutia miwani, ndicho pekee kilichokuwa karibu.

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kila mtu kafanya kazi yake." Akacheka kidogo, bila furaha. "Fundi miwani mzima, miaka yote hii nimevaa ya mbao."

"Mwambie," alisema Bi Kufuli. "Mwambie wewe, kabla hajasoma mahali."

"Unadhani sijajaribu? Siku ya mazishi ya mzee nilijaribu. Siku dereva anahama nilijaribu. Tena hiyo ya dereva nilishafungua mdomo kabisa. Mke wangu akaniwekea kijiko cha dawa ya kifua. Alidhani nataka kukohoa."

Walicheka wote wawili, Mungu awasamehe. Kisha kicheko kikaisha, na wakasikia gari linarudi nyuma nje, linapiga honi, kwa muda mrefu.

"Njoo Jumamosi mchana," alisema mwisho. "Ukiwepo nitasema. Nikiwa peke yangu nitameza tena, najijua."

Jumamosi Bi Kufuli alifika saa saba kamili. Nyumba ilikuwa na duka mbele, chumba kimoja kinachotazama barabara, ambamo wifi yake alitoa fotokopi, alipiga picha za vitambulisho na kuzitia plastiki kadi za watu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye wino vidoleni wakati wote, na hakuna ndugu ambaye Bi Kufuli alimpenda kuliko yeye. Alipougua mguu miaka mitatu nyuma, ni wifi huyu aliyemwogesha.

"Wifi yangu wa makufuli!" Akamkumbatia mpaka mkoba ukaanguka. "Umekonda! Hiyo kazi inakula watu. Ingia, ingia, chakula kinapoa."

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha plastiki cha maua. Juu ya kabati palikuwa na picha ya baba yake, ambayo aliitia plastiki mwenyewe ili isichakae. Mumewe alikuwa ameshakaa, amevaa shati lililopigwa pasi, vifungo vyote hadi shingoni, kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Walipakua. Walikula vijiko viwili vitatu. Bi Kufuli alimwona mdogo wake anaweka kijiko chini.

"Mama watoto," alisema, "kuna jambo nataka kukuambia. Nimemwita dada makusudi."

"Na mimi ninalo!" alisema mkewe. "Tena langu limeanza, nimekaa nalo tangu juzi, nilikuwa namsubiri wifi. Ngoja, ngoja, usiseme kwanza."

Akainuka akaingia dukani, akarudi na karatasi mbili alizozichapa mwenyewe. Ilikuwa habari ya mtandaoni, ameipigia mistari ya rangi ya njano. Akavaa miwani aliyotengenezewa na mumewe, akasoma kwa sauti, akikwama kwenye maneno ya kitaalamu na kuyaruka. Ilikuwa habari ya ile mashine. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa lugha nyepesi, na mwishoni ilisema kwamba siri nyingi zilizoibwa zamani, zikiwemo za mahakama na za tume, siku moja zitasomeka na mtu yeyote.

Akavua miwani. Macho yalikuwa yamemjaa.

"Za tume, wifi! Si ziliibwa kule kwenu? Magazeti si yaliandika? Mimi nilishakata tamaa. Nilijua nitazikwa sijamjua." Akapangusa uso kwa mgongo wa mkono, akajipaka wino shavuni. "Na yule dereva, niwaambie ukweli, moyo wangu haukuwahi kutulia. Mkewe alilia sana siku wanahama, aliniangalia vile. Kama si yeye, nitamtafuta alipo, nitampigia magoti barabarani."

"Na huyo mwenyewe?" aliuliza mumewe. Sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa. "Ukimjua?"

"Huyo? Watu wanadhani nitampiga. Sitampiga. Nitamkalisha hapo ulipokaa wewe, nimpe chakula ashibe. Halafu nimwulize alikuwa anamwangaliaje baba machoni. Basi. Nataka jibu hilo tu, nikae na roho yangu." Akamgeukia Bi Kufuli, akamshika mkono. "Wifi, wewe ndiye unayejua. Usinipe ya wateja, nipe ya nyumbani. Yatafunguka au hayatafunguka?"

Bi Kufuli alimtazama mdogo wake. Huu ulikuwa wakati wake, hapakuwa na mwingine mzuri wala mbaya zaidi ya huu, na yeye alikuwa amekuja kwa ajili hiyo tu. Akamsubiri. Fundi miwani alikuwa ameinamia sahani. Akafungua mdomo. Akaufunga. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

"Mjibu, dada," alisema.

Akaelewa kwamba hatasema, si leo wala si kesho. Atakaa kwenye kiti kile mpaka mashine ya watu asiowajua, katika mji asioujua, imseme kwa niaba yake. Na yeye Bi Kufuli hakuwa na haki ya kumsemea. Alikuwa ameshamsemea mara moja, jikoni, kwa maneno mawili.

"Yatafunguka," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Siku sijui. Pengine miaka miwili, pengine kumi."

Wifi yake akapiga makofi, akainua uso kwenye picha ya kabatini, akalia kabisa sasa, kicheko na kilio vikichanganyika. Akasema miwili ni nini, kumi ni nini, mtu aliyekwisha kukaa kumi na minne bila kujua anasubiri nini. Akasema Mungu ambariki kila anayeitengeneza mashine hiyo. Akampa Bi Kufuli karatasi moja akae nayo, eti na yeye apate furaha.

Kisha akakumbuka.

"Jamani, nimekukatiza! Baba watoto, ulikuwa unataka kusema nini?"

"Langu ni dogo," alisema mumewe. "Linaweza kungoja."

"Basi niahidi kitu kimoja. Siku yakifunguka, nisisome peke yangu. Nataka uwe hapa pembeni yangu, unishike, maana sijui nitakuwaje nikiliona hilo jina."

"Nitakuwa hapa."

"Hutakuwa kazini?"

"Nitafunga karakana," alisema fundi miwani, na mkewe akambusu juu ya kichwa, akaichukua sahani yake akamwongezea chakula.